Bresi ukubwani: chuma, seramiki au alaina? Ulinganisho kwa aliye Arusha au Moshi

Mtu mwenye miaka thelathini na kitu anayefikiria kufunga bresi huwa hakosi ushauri. Mfanyakazi mwenzake anamwambia afunge chuma, vingine vyote ni kupoteza hela. Binamu aliyeko Dar anamtumia picha za alaina, zile trei za plastiki angavu ambazo ukizivaa watu hawajui. Shemeji naye anacheka: "Sasa wewe na watoto wako wawili, meno ya kupanga ya nini tena?"

Tumjibu shemeji kwanza. Umri peke yake haukatazi. Jino husogea kwa sababu mfupa unaolizunguka humomonyoka upande linakosukumwa na kujijenga upande linakotoka, na kazi hiyo mfupa huifanya maisha yote. Kwa mtu mzima huchelewa kidogo kuanza, basi. Baada ya hapo ni mwendo wa takriban milimita moja kwa mwezi. Kinachobadilika ukubwani ni taya. La mtoto bado linakua, daktari anaweza kulielekeza au kulipanua. Lako limeshakomaa, kwa hiyo kama shida ni taya la chini kutangulia sana au kubaki nyuma sana, bresi zitapanga meno tu. Kulihamisha taya lenyewe ni habari ya upasuaji.

Hapa tunalinganisha vitu vitatu: bresi za chuma, bresi za seramiki, ambazo ni mfumo uleule wa braketi (vile vidude vidogo vinavyogandishwa kwenye kila jino) na waya ila braketi zake zina rangi ya jino, na alaina. Vigezo ni hali ya kinywa chako sasa, kazi inayohitajika, safari za kliniki, hela, kula na usafi, kisha muonekano. Watu wengi huanza na huo wa mwisho. Mimi nimeuweka mwisho kwa makusudi.

Kinywa chako kikoje leo

Ukipiga mswaki ukitema unaona damu? Basi hakuna cha kulinganisha bado. Meno yakisukumwa wakati fizi zina ugonjwa, mfupa unaoyashika huzidi kuliwa, na ukishaondoka haurudi kirahisi. Ugaga usafishwe, fizi zitulie, matundu yazibwe, ndipo bresi. Hili ni sawa kwa aina zote tatu. Kama una jino la kupandikizwa au daraja la meno, mwambie daktari mapema, maana jino la kupandikizwa halisogei kabisa. Lililoshikana na mfupa litabaki palepale, mengine yapangwe kulizunguka.

Halafu kuna jambo letu sisi wa huku: floraidi. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro yana floraidi nyingi katika maeneo mengi, hasa Arumeru, Ngurdoto na Maji ya Chai, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa ukomo. Ongeza magadi ya kuivishia makande, nayo yana floraidi yake. Matokeo yake tunayajua: meno ya kahawia, mengine yenye vishimo. Rangi hiyo iliingia utotoni jino likiwa bado linaundwa ndani ya fizi, kwa hiyo haitoki kwa mswaki wala mkaa.

Kwa bresi, hilo lina maana mbili. Kwanza, gundi. Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, iliyoathirika sana na floraidi haishiki gundi vizuri, na braketi hubanduka mara nyingi zaidi. Daktari anayejua mazingira haya atakwangua kidogo uso wa jino au atarefusha muda wa dawa ya kuliandaa. Muulize waziwazi ana mpango gani na meno kama yako. Alaina nazo hazijaepuka, kwa sababu mara nyingi hubandikiwa vinundu vidogo vya rangi ya jino ili trei ipate pa kushika, na vinundu hivyo vinategemea gundi ileile. Pili, seramiki. Braketi zake zimetengenezwa zifanane na jino jeupe. Zikikaa juu ya jino la kahawia hazifichiki, na pengine zinalitangaza kuliko chuma kingefanya. Kama mashaka yako makubwa ni rangi na siyo mpangilio, jua kwamba bresi hazigusi rangi hata kidogo.

Na mwanya? Kama ni ule wa meno mawili ya mbele juu na hausumbui kitu, fikiria mara mbili. Kuna watu wangelipa kuupata. Ila kwa waliong'olewa meno ya chini ya mbele utotoni, kama ilivyo desturi kwa baadhi ya ndugu zetu Wamasai, pengo hilo huwa limeshavuta meno ya jirani yakalala. Wakati mwingine bresi hulifunga, wakati mwingine huyasimamisha meno tu ili pengo liwe na nafasi ya kutosha kuwekewa jino la bandia. Muulize daktari ni lipi kati ya hayo mawili linalowezekana kwako kabla hujalipa chochote.

Kazi inayohitajika

Bresi za chuma hufanya karibu kila kitu: kuzungusha jino lililogeuka, kushusha lililokwama juu, kufunga pengo la jino lililong'olewa, kurekebisha mng'ato, yaani namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Seramiki huweza karibu yote hayo pia. Tofauti ni kwamba braketi zake hukatika kirahisi zaidi, na ni ngumu kuliko enameli. Zikiwekwa kwenye meno ya chini ambayo ya juu yanayafunika sana, zinaweza kuyasaga ya juu. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huweka seramiki juu na chuma chini, mpango ambao naona una akili, maana ukicheka ya juu ndiyo yanayoonekana.

Alaina ni nzuri kwa msongamano wa wastani na mianya midogo. Zimeendelea sana tangu kampuni ya Align Technology ilipoanzishwa Marekani mwaka 1997 na kuzileta sokoni kwa jina la Invisalign, na daktari mzoefu huzitumia hata kwa kesi nzito. Hata hivyo jino la mviringo lililogeuka, au kazi ya kufunga nafasi ya jino lililong'olewa, bado ni rahisi zaidi kwa waya.

Kuna kitu watu wazima hawaambiwi mapema. Meno yaliyokuwa yamepandana yakishanyooshwa, katikati yake karibu na fizi panaweza kubaki vipembe vyeusi, kwa sababu fizi ya mtu mzima imeshashuka kidogo. Hutokea kwa aina zote tatu. Si ugonjwa, lakini ni vizuri ukajua kabla.

Safari za kliniki, na nani atakufuatilia

Hapa ndipo uamuzi wa mtu wa Arusha au Moshi unapotofautiana na wa mtu wa Dar. Matibabu ya kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kwa bresi za waya unaitwa kukazwa waya kila baada ya wiki nne hadi nane. Chukua wiki sita: kwa miaka miwili ni safari 17 hivi. Ukiwa unaishi Njiro na kliniki iko mjini, hiyo ni ruhusa ya saa mbili kazini. Ukiwa Karatu, Mkuu Rombo au Same, ni siku nzima kila mara, na nauli, na mtu wa kukaa dukani.

Alaina hupunguza safari. Unapewa seti kadhaa uende nazo, unabadilisha mwenyewe kila wiki moja au mbili, na daktari anaweza kukuona baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa mwalimu wa Longido au mhasibu wa hoteli ya Karatu, hii ndiyo hoja nzito ya alaina, kuliko habari ya kutoonekana.

Lakini kabla ya aina, uliza kuhusu mtu. Kupanga meno ni ubingwa wake peke yake. Si kila daktari wa meno ameusomea, na mabingwa ni wachache nchini. Mahali pa kuanzia kuulizia Moshi ni KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, na katika miji yote miwili zipo kliniki binafsi. Kokote utakakokwenda, uliza: bingwa mwenyewe anakaa hapa au anakuja kwa zamu? Akikosa kuja mwezi huu, nani ananikaza? Amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Nikihama, nitapewa picha za eksirei na vipimo vyangu niende navyo? Namfahamu dada mmoja aliyefunga mjini Arusha, daktari akaondoka, akabaki na waya mdomoni na kliniki inayomwambia "njoo wiki ijayo" wiki hadi wiki. Bresi alizokuwa nazo ni zilezile za chuma ambazo kila mtu alimsifia.

Kuhusu kuharibika: waya ukichomoka na kuchoma shavu, unaufunika kwa nta ya bresi, kipande kidogo tu kama punje ya mahindi, ukikausha kwanza pale kwa kitambaa ndipo ishike. Braketi ikibanduka si dharura, ila ikikaa bila kurudishwa, jino hilo linabaki nyuma ya wenzake. Alaina ikipasuka au kupotea, unarudi kwenye seti iliyotangulia au, daktari akikuruhusu, unaruka kwenye inayofuata. Usitupe seti iliyopita hata siku moja.

Waongozaji na wapagazi wa mlimani, hili ni lenu. Siku sita au saba juu, braketi ikibanduka kambi ya Barafu hakuna wa kuirudisha, kwa hiyo nta na kibrashi viwe mfukoni na siyo kwenye mzigo uliotangulia. Alaina juu kule zina shida yake nyingine: kuzitoa na kuzivaa kila mlo kunataka mikono misafi na maji, na maji ya kambini yana kazi nyingi. Dereva wa safari wa Serengeti yeye huwa na nafuu na alaina. Analala sehemu yenye bomba.

Na zile za kuagiza mtandaoni, unajipima mwenyewe na trei zinakuja kwa posta? SmileDirectClub, kampuni kubwa ya Marekani ya biashara hiyo, ilifunga milango Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakaachwa hapo hapo. Kusukuma meno bila mtu kupiga eksirei na kutazama mizizi na fizi ni kujitafutia shida.

Hela

Bei hutofautiana mno kati ya kliniki na kliniki. Mpangilio wake huwa hivi: chuma ni nafuu, seramiki juu yake, alaina juu zaidi. Ila usilinganishe bei ya tangazo. Linganisha jumla, na jumla inaanzia kwenye eksirei na vipimo, inapita kwenye kusafisha, kuziba, na pengine kung'oa meno ya kutafuta nafasi, inakuja kwenye bresi zenyewe na kila siku ya kukaza, braketi zilizobanduka, kutoa bresi mwishoni, riteina (kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka), na nauli zako zote. Kuna kliniki ambayo kila braketi inayobanduka unalipia upya. Kwa mwenye meno ya floraidi, kipengele hicho kimoja kinaweza kuifanya bresi "ya bei poa" iwe ghali.

Wengi hulipa kianzio, kisha kidogo kidogo kila wanapokwenda kukaza. Mpango huo ni mzuri kwako kwa sababu nyingine pia: daktari bado anakusubiri. Ukipokea zamu yako ya mchezo au mkopo wa VICOBA ukashawishika kulipa zote siku ya kwanza kwa ajili ya punguzo, pata kwanza karatasi inayosema kinachotokea matibabu yakikatizwa. Bima usiiweke kwenye hesabu mpaka upate jibu la maandishi. Kupanga meno ya mtu mzima mara nyingi huhesabiwa kuwa urembo.

Kula na kusafisha

Siku tatu nne za kwanza baada ya kufunga, na pengine mbili baada ya kila kukaza, meno yanauma ukiyagonganisha. Chuma na seramiki ni sawa hapa. Ndizi ziko kila mahali, kwa hiyo mtori utakuwa rafiki, na loshoro pia. Baada ya hapo unakula karibu kila kitu, kwa masharti: nyama choma ikatwe vipande vidogo, hindi la kuchoma upukuchue kwa vidole badala ya kuling'ata, miwa uiage, karanga na bisi uziogope.

Usafi ndio kazi. Ukimaliza sahani ya mbuzi na mchicha, nyuzi zinajisokota nyuma ya waya, na mswaki wa kawaida hauzifikii. Unachukua kibrashi chembamba, unakipenyeza chini ya waya, jino hadi jino, juu kisha chini, ndipo unapiga mswaki. Dakika kumi kila mara, ukiwa na haraka pia. Asiyefanya hivyo, bresi zikitolewa anakuta mraba wa alama nyeupe kuzunguka kila mahali palipokuwa na braketi; enameli imeanza kuoza. Seramiki ina jambo la ziada: vile vimpira angavu vinavyoshika waya hunywa rangi. Mchuzi wenye bizari ya manjano Jumapili, Jumatatu una vimpira vya njano, na vitabaki hivyo hadi siku ya kukaza. Wa chuma huchagua rangi mwenyewe. Nimeshaona shabiki aliyeweka kijani na njano msimu mzima, na bado anataniwa.

Alaina unazitoa, unakula unachotaka, unasafisha kama kawaida, unarudisha. Inasikika vizuri hadi uhesabu. Zinatakiwa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Zinazobaki, saa mbili hadi nne, ni za kula, kunywa na kusafisha vyote kwa pamoja. Ukiwa nazo unaruhusiwa maji tu, kwa sababu chai ya moto huikunja plastiki, na sukari ikinaswa ndani yake inakaa na jino mchana kutwa. Sasa hesabu chai zako: ya asubuhi, ya saa nne na chapati, ya mgeni aliyepita, ya jioni. Ongeza harusi, kipaimara, msiba. Mtu wa kudokoadokoa atajikuta amevaa saa 14, na meno hayafuati trei. Seti inayofuata haiingii. Tena utaziweka kwenye tishu mezani, mhudumu atabeba sahani na tishu yake, na hizo zimekwenda. Nunua kikopo cha kuzihifadhia na ukitembee nacho.

Muonekano

Chuma kinaonekana, na baada ya wiki mbili wanaokufahamu wanazoea. Seramiki inaonekana kwa karibu, haionekani kwenye picha ya mbali. Alaina karibu hazionekani, ila kwa siku chache za mwanzo "s" na "z" zina filimbi kidogo, jambo la kufikiria kama kesho yake unasoma neno kanisani au una kikao na wageni.

Njia ya mkato, na ya baadaye

Wapo watakaokushauri kofia za meno badala ya bresi: wiki chache, umemaliza. Kwa meno ya kahawia yaliyopinda kidogo tu kuna hoja. Lakini jino huchongwa ili kofia iingie, na kilichochongwa hakioti. Usichonge jino zima kwa sababu tu limekaa upande.

Na aina yoyote utakayochagua, mwisho wake ni riteina: waya mwembamba nyuma ya meno, au trei ya usiku. Meno hutaka kurudi yalikotoka, na kwa mtu mzima hutaka hivyo kwa miaka mingi. Kama hujioni ukivaa kitu usiku wakati wote, omba waya wa kudumu.

Kwa hali yako

Kesi yako ni nzito, kuna meno ya kung'oa au mng'ato wa kurekebisha, na kliniki haiko mbali: chuma kinakutosha, na hela itakayobaki iwe ya usafi na riteina.

Unakaa mapokezi hotelini au mbele ya kamera, meno yako ni meupe, na unaweza kuacha bizari kwa muda: seramiki, angalau juu. Meno yakiwa ya kahawia, omba daktari akubandike braketi moja ya seramiki na moja ya chuma bila gundi, ujitazame kwenye kioo mwangani, kisha uchague.

Uko mbali na mji, msongamano ni wa wastani, na wewe ni mtu wa milo mitatu bila vitafunwa: alaina, kupitia bingwa anayekuona ana kwa ana. Kama hujui utaweza, jipime wiki moja kwa kuandika kila mara unapoweka kitu mdomoni.

Unatarajia kuhama kikazi ndani ya mwaka: subiri ufike, au uanze kwa daktari ambaye tayari amekubaliana na mwenzake wa huko uendako. Mjamzito naye anaweza kusubiri. Fizi huvimba kirahisi kipindi hicho, na eksirei zisizo za haraka huahirishwa.

Na kama umekwenda kwa madaktari wawili wakakupa mipango miwili tofauti, usichague kwa bei kwanza. Mwombe kila mmoja akuonyeshe kwenye eksirei yako jino gani anataka kulihamisha, liende wapi, na nafasi anaitoa wapi.